Ukoo wa Ndui

Mpaka leo mtoto akijikuna mbele yangu siwezi kutulia. Nitainuka, nitamvuta kwenye mwanga, nitamgeuza viganja, nitamvua viatu nimtazame nyayo. Wajukuu zangu wameshanizoea, wananiletea miguu wenyewe huku wanacheka. Wake za wanangu ndio wanaoniona sina akili timamu. Waache wanione hivyo. Ndui imekwisha duniani, hilo nalijua, na mimi ni mmoja wa waliotembea kwa miguu kuimaliza. Lakini mwili wangu bado haujapata habari.

Nilichukuliwa kazi ya chanjo miaka ile vijiji vya ujamaa vinaanza kupangwa. Nilikuwa nimemaliza shule, nimerudi nyumbani Mingoyo, nagombana na kila mtu, maana mimi kukaa bila shughuli ni ugonjwa. Mama alikuwa akiniambia nina kiherehere, na kweli ninacho. Basi tukapelekwa Lindi kufundishwa wiki chache. Mwalimu wetu alikuwa bwana mpole mwenye kikohozi, akatueleza habari ya panya weupe wanaofugwa maabara. Alisema panya wana ndui yao, ng'ombe ana yake, binadamu ana yake, na zote ni za ukoo mmoja. Panya akichanjwa kwa ile ya ng'ombe, anapata kidonda kidogo kinapona. Halafu ukimletea ndui ya panya, ile inayoua wenzake, yeye anabaki anakula mahindi yake. Mwili ukishapambana na ndugu mmoja unamjua na mwingine. Ndiyo maana tunachomtia mtu mkononi si ndui yenyewe, ni ndugu yake asiyeua.

Hadithi hiyo niliipenda mno. Niliirudia njiani, niliirudia nikioga. Mwalimu alipoendelea na magonjwa yanayofanana na ndui lakini siyo ndui, mimi nilikuwa nimechoka kukaa. Nilikuwa natazama dirishani gari la Mtwara linavyopakia, nahesabu magunia. Kumbukeni hapo, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Nilipangiwa wilaya ya Kilwa, na mwenzangu wa kazi alikuwa mzee mmoja wa hukohuko pwani, uso wake wote umetobolewa na ndui aliyougua utotoni. Nilimwita mzee, yeye aliniita binti. Alikuwa haongei sana. Tukifika mahali anavua kofia, anawasogezea watu uso, anasema, "Angalieni." Basi, hotuba yake ndiyo hiyo. Mimi niliona ni ushamba. Watu huru unawatishaje kwa makovu, wakati unaweza kuwaelewesha? Nikamwambia kuzungumza nizungumze mimi, yeye achemshe sindano. Akakubali bila neno, na hilo lenyewe likaniudhi.

Tukapanda milimani Umatumbi, ng'ambo ya Kipatimu, Landrova ikatuacha barabara ilipokufa, tukatembea. Kijiji tulichofikia kilikuwa kipya. Nyumba zimepangwa mistari miwili, nyingine hata makuti hazijamaliziwa, na watu wametolewa kwenye mashamba yao ya zamani, bado wamenuna. Mama yangu mzazi alizaliwa milima hiyo kabla ya kuolewa Mingoyo. Kwa hiyo haikupita saa moja nikapata mwenyeji, mwanamke wa ukoo wake, ambaye kwangu alikuwa mama mdogo. Alikuwa mrefu, mchangamfu, anapenda kutania. Alinitazama nilivyokuwa napekua vyungu vyake kabla sijakaribishwa, akasema, "Huyu ni wetu, hana haja ya kuulizwa." Alikuwa na binti mmoja tu aliyemzaa uzeeni, ana miaka minne hivi. Yule mtoto alinishika kidole siku ile ya kwanza, na hakuniachia mpaka alipolala.

Siku ya chanjo tuliweka meza mbili kwenye kibanda cha korosho. Mzee alichukua wanaume upande wa pili pamoja na jiko lake la sindano, mimi nikachukua kina mama. Nikawapa habari ya panya.

"Kwa hiyo sisi ndio panya wenu?" akauliza bibi mmoja.

"Panya wenzangu, bibi," nikasema, nikamwonyesha kovu langu begani. "Mimi walinichanja kwanza, kule Lindi."

Wakacheka sana. Na mimi nikichekewa sishuki tena. Nikawaambia mtoto wa ndugu yako akija kutoka mbali, hata kama hujawahi kumwona, utamjua kwa pua ya ukoo, utasema huyu ni wa fulani. Mwili nao ndivyo ulivyo. Ukishamjua mmoja wa ukoo wa ndui, mwingine akija haupumbaziki. Niliona vichwa vinaitikia. Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona mwalimu kuliko mwalimu.

Mama mdogo alikuwa katikati ya mstari. Akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa, "Na tetekuwanga je? Si ndiye mdogo wake ndui?"

Kwetu watu walikuwa wakisema hivyo, kwamba tetekuwanga ni ndui mdogo. Mkono wangu ulikuwa kwenye bega la mtu, sindano ile yenye ncha mbili kama uma inachoma, nahesabu michomo kumi na mitano, na nyuma mstari unasukumana. "Wote ukoo mmoja tu, mama," nikasema. "Anayefuata!"

Jioni nilimwambia mzee kwamba kina mama wamekwisha wote. Akauliza mbona watoto ni wachache. Nikamjibu labda wako mashambani. Yule binti wa mama mdogo naye sikumwona siku hiyo. Niliambiwa amepelekwa kwa bibi yake, mama wa mama mdogo, bibi aliyekataa kabisa kuhamia kijijini na kubaki kwenye shamba lake la zamani, mwendo wa asubuhi nzima. Nilikosa wa kunishika kidole, lakini sikuuliza zaidi.

Tulichanja vijiji vya jirani, siku ya nane tukarudi kukagua mikono. Kama chanjo imeshika, siku hizo unakuta lengelenge nene lenye kitovu katikati. Mikono ya kina mama ilikuwa mizuri. Wa mama mdogo ulikuwa mzuri kuliko yote, umevimba barabara. Halafu nikaanza kuona watoto wanacheza uwanjani na mabega matupu. Mmoja, wawili, sita. Nikaacha kuhesabu.

"Hawa hamkuwaleta kwa nini?" nikauliza, na sauti ilikuwa imeshapanda.

Mama mdogo akashangaa kweli. "Hawa walishaugua tetekuwanga mwaka jana, mwanangu. Hata wangu. Si ulisema wote ukoo mmoja? Tukaona tuwapunguzie watoto kilio."

Nikasikia sauti ya yule mwalimu na kikohozi chake, maneno ambayo siku ile hayakuingia, kwamba tetekuwanga hana undugu wowote na ndui, wanafanana upele tu. Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Mimi nikasema, "Sikusema hivyo." Nikawafokea pale uwanjani kwamba hawasikilizi, kwamba wanajiamulia mambo. Kina mama wakachukua watoto wao, wakaingia ndani mmoja mmoja. Mama mdogo alibaki ananitazama.

Tungali tumesimama hivyo, mwenyekiti wa kijiji akaja anatembea haraka. Alikuwa na habari kutoka kule shamba la bibi. Kuna msafiri alipita, akashikwa na homa, bibi akamlaza, na sasa ni siku ya nne ametoka upele mwili mzima.

Hatukunywa hata maji. Tuliondoka mimi, mzee na mama mdogo. Mzee ndiye aliyeingia ndani. Akatoka baada ya muda mfupi, akanawa mikono kwa sabuni, akasema, "Uso, viganja, nyayo. Na mgongoni ni haba. Tetekuwanga hujaa mgongoni na kifuani, nyayo huziacha. Hii ni ndui yenyewe." Bibi alikuwa anamhudumia yule mgeni bila hofu, kwa kuwa naye ana makovu ya zamani, na milimani mwenye makovu ndiye anayewauguza wenye ndui.

Na yule mtoto alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba hicho hicho, anakula muhogo wa kuchemsha. Aliponiona akaja mbio kunishika kidole.

Tulimchanja pale pale. Hakulia. Mzee akanivuta pembeni akanieleza mambo yalivyo. Ndui ikishaingia mtu hukaa kimya kama siku kumi, kumi na mbili, ndipo homa inaanza. Chanjo huhitaji kama wiki moja mwili uijue. Mtoto ameshakaa siku nne na mgonjwa. "Sasa ni mbio," akasema. "Yule ndugu asiyeua na huyu anayeua. Anayefika kwanza ndiye mwenye mtoto."

Akabaki kuzungukia mashamba ya jirani na kupeleka taarifa Kilwa Masoko. Mimi na mama mdogo tuliachwa kwenye nyumba ile pamoja na bibi na mtoto, hakuna kutoka wala kuingia. Mimi, niliyeshindwa kukaa kitako darasani wiki chache, nikaambiwa nikae nisubiri bega la mtoto.

Sikuweza. Nilifagia uwanja mpaka bibi akasema nitamfikisha kwenye mwamba. Nililima matuta mawili ya mihogo ambayo haikuhitaji kulimwa. Kila baada ya kitambo kidogo namwita mtoto, namfunua bega. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka ukili, mkono wake hautetereki, na utulivu wake ulinikera kuliko matusi. Nilitaka anitukane. Siku ya tatu asubuhi nikaona kichunusi chekundu, nikapiga kelele mpaka mtoto akaogopa. Imeshika! Mama mdogo akaweka ukili chini, akaja kutazama, akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kusuka. Yule msafiri alikufa siku hiyo hiyo mchana. Bibi na mzee ndio waliomwosha na kumzika.

Siku iliyofuata mwenyekiti alikuja na ofisa wa wilaya. Wakasimama mbali, karibu na shina la mkorosho, tukazungumza kwa kupaza sauti. Ofisa alitaka kujua kwa nini watoto hawakuchanjwa.

"Nani aliwaambia tetekuwanga inatosha?" akauliza.

Mama mdogo akanigeukia. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aongee kwanza.

Mimi nikasema, "Ni kutoelewa kwa kina mama, bwana."

Mwenyekiti akaanza kumsema. Akamwambia ni watu wa aina yake wanaorudisha kijiji nyuma, mama yake kakataa kuhama na yeye anaficha mtoto, na kwamba mtoto akifa asimlilie mtu. Mama mdogo aliinamisha kichwa. "Nimekosa," akasema. Niliyasikia yote hayo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nakunja na kukunjua kitambaa cha sindano. Mzee alikuwapo pia, ametulia kama kawaida yake. Walipoondoka akanitazama, akavaa kofia yake, akaenda.

Nimefanya mabaya mengine maishani, sitayataja yote. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Lengelenge lilikua vizuri. Siku ya saba lilikuwa limejaa, lina kitovu chake katikati, na mimi nikaanza kupumua. Nikacheka na mtoto, nikamfundisha kuhesabu kwa mbegu za korosho. Siku ya nane mchana akaja kulala mapajani kwangu bila kuambiwa, na paja likaungua. Alikuwa na homa kali.

Hapo ndipo nilipoona shida ya kujua mambo nusunusu. Chanjo yenyewe inaleta homa lengelenge likijaa. Na ndui nayo, tukihesabu tangu msafiri alipotoka upele, siku zake za kuanza homa ndizo hizo hizo. Nilimsubiri mzee, alipofika nikamrukia. Homa ya nani hii? Akamgusa mtoto shingoni, akamtazama kinywani.

"Sijui," akasema. "Siku ya tatu tutajua."

"Sema unachodhani, mzee."

"Nimekwambia sijui, binti. Na wewe jifunze kusema hivyo."

Siku hizo mbili sikukaa hata mara moja. Nilizunguka nyumba mpaka nikatengeneza njia. Nilimkanda mtoto kwa maji, nikatoka, nikarudi, nikamkanda tena. Mama mdogo alimpakata tu na kumsomea dua taratibu, na mtoto alitulia kwake kuliko kwangu. Mara moja nilipopita mbele yake alinishika pindo la kanga. Nikajua sasa atasema. "Kaa," akasema. "Unampepea homa." Nikakaa kidogo, nikainuka.

Siku ya tatu upele ukatoka. Mmoja kwenye paji la uso, mmoja kiganjani. Mchana zikawa pele tano, jioni kumi na moja, na hapo zikasimama. Kumi na moja tu. Mzee alizihesabu mara mbili, akasema ndugu wa ng'ombe amefika amechelewa, lakini amefika. Ndui imeingia ikakuta mlango umefungwa nusu. Mtoto ataishi. Nilitoka nje nikalia nimeshika ukuta, sijali nani ananiona.

Mtoto aliishi. Homa ikashuka, akaomba uji. Pele kumi zilikauka zikadondoka magaga. Ule wa kumi na moja ulitoka ndani ya jicho la kushoto. Tuliliosha kwa maji ya chumvi kila mara, kama mzee alivyoelekeza. Jicho lilipofunguka lilikuwa na utando mweupe, na nilipopitisha mkono upande ule mtoto hakupepesa. Alikuwa anatazama mbegu zake za korosho kwa jicho moja, amegeuza kichwa kidogo kama kuku. Mpaka alipokuwa mkubwa alitazama hivyo.

Gaga la mwisho lilipodondoka tuliruhusiwa kurudi kijijini. Wale watoto wenye mabega matupu walikuwa bado. Mzee alikuwa amejaribu peke yake. Wachache waliletwa, wengine kina mama walikataa, wakisema ndui imekuja nyuma ya sindano, kabla yetu haikuwapo. Ndiyo waliyoyaona, utawalaumu vipi? Tukawaita kwenye kibanda cha korosho. Walikuja, lakini walisimama nje ya paa, watoto wamefungwa migongoni.

Mama mdogo alikuwa mbele, amemshika binti yake. Akanisogelea. "Waambie tena ile habari ya panya," akasema. "Wewe ukisema mtu anaelewa."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nilimtafuta usoni, nikaitafuta kejeli, laiti ningeiona. Alisema kama anavyosema mtu anayekusifu.

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na haraka ya kusema. Nikawaambia hivi. Siku ile mama huyu aliniuliza kama tetekuwanga ni ndugu wa ndui. Nikamjibu ndiyo, nilikuwa nina haraka. Si kweli. Tetekuwanga si wa ukoo ule, aliyeugua tetekuwanga hajakingwa na ndui. Mwalimu alitufundisha, mimi sikusikiliza. Halafu mlipofanya nilivyosema nikakana, na mbele ya wakubwa nikamwacha mama yangu mdogo atukanwe. Mkitaka kujua hilo jicho ni la nani, ni langu.

Mzee alikuwa ameshika kofia mkononi, na safari hii hakusogeza uso wake kwa mtu. Yule bibi aliyenitania habari ya panya ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida tu, "Sasa mwanangu, kama siku ile ulitwambia uongo, leo tukuaminije?"

Nilimtazama mzee, naye hakunisaidia. Nilisimama na kichupa cha dawa mkononi, nasikia mbuzi wanavyolia nyuma ya nyumba, na nilitamani kuondoka pale nitembee mpaka Mingoyo bila kugeuka.

Mama mdogo akamwachia binti yake mkono. Akaja mpaka mezani, akakaa kwenye kigoda, akashusha kanga begani. Kovu lake la siku ile lilikuwa bado bichi, jekundu. Hakuhitaji nyingine, na alijua hahitaji. Akanigeuzia bega la pili.

"Anza na mimi," akasema.

Nikachovya sindano. Hesabu ikanipotea kwenye mchomo wa sita, ikabidi nianze upya. Yule mtoto alikuja upande wa jicho lake zima, akanishika kidole cha mkono mwingine, na nyuma ya mama yake nikasikia watu wanaanza kupanga mstari.